UZI: Mwanafunzi kaandika مدرسة, jibu la mwalimu ni مدرسة, mfumo umempa sifuri. Kosa liko wapi?

#1 MwalimuNahau
Salaam wadau. Mnaofundisha Kiarabu mtandaoni vyuoni hili mtakuwa mmekutana nalo. Kuna swali la kujaza nafasi:

هذه ____ كبيرة

Mwanafunzi anaandika مدرسة. Jibu lililowekwa na mwalimu ni مدرسة. Ukiyaweka moja juu ya lingine huoni tofauti hata ya nukta. Mfumo unatoa 0. Swali linalofuata hivyo hivyo, na wengine kwenye darasa hilo hilo wanapata alama zote kwa neno lile lile.

Dai langu ni kwamba Kiarabu chao hakina shida. Wengi wamepita madrasa, na kwenye karatasi wanaandika vizuri. Kinachokosekana ni Kiarabu cha kwenye mashine: kuchapa, kutafuta, kunakili, kujua kompyuta inaona nini. Hakuna anayekifundisha. Kozi zinaanza na nahau (sarufi) wiki ya kwanza kana kwamba kibodi mtu anazaliwa nayo. Mwenye maelezo mengine ayalete.

#2 Fundi_Maabara
Mwalimu, jicho linaona umbo la herufi, mashine inaona namba. Pima kwanza ndipo tubishane.

Fungua Excel (ya 2013 au baada ya hapo). Jibu la mwanafunzi bandika A1, la kwako A2. Kwenye B1 andika =LEN(A1), B2 =LEN(A2); LEN inahesabu herufi. مدرسة tupu ina herufi 5. Ukipata 6 au zaidi kuna kitu kimejificha ndani. Kisha soma namba za Unicode (orodha inayoipa kila herufi namba yake) moja moja: =UNICODE(MID(A1,1,1)), halafu badilisha ile 1 ya katikati iwe 2, 3, mpaka mwisho.

Namba za kukariri: ي ni 1610, ى ni 1609, ی ya Kiajemi ni 1740. ك ni 1603, ک ya Kiajemi ni 1705. ة ni 1577, ه ni 1607. Ukiona 1600, hicho ni kile kistari cha kurefusha neno. Ukiona 8207, hiyo ni alama ya mwelekeo, haina umbo kabisa.

#3 BintiMakunduchi
Ahsante Fundi. Nimepima majibu matatu ya skuli ya hapa. Mawili LEN ni 5. La tatu ni 6, na ya mwisho ni 8207. Kwa hiyo huyu kaonewa?

#4 Fundi_Maabara
Ndiyo dada, kaonewa. Hiyo mara nyingi huja mtu anapoandika jibu kwenye programu nyingine, akanakili na kubandika. Alama ya mwelekeo inabebwa kama vumbi kwenye nguo. Waambie waandike ndani ya kisanduku moja kwa moja. Nafasi tupu ya mwisho haina neno, Moodle (mfumo wetu wa kozi na majaribio) huikata yenyewe, lakini 8207 si nafasi tupu, haikatwi.

#5 KhatiYaPwani
Kuna sababu nyingine ambayo ni ya kwetu hasa, na sijaona mtu akiitaja. Wanafunzi wa pwani wengi wanapenda kuandika Kiswahili kwa khati ya Kiarabu. Kibodi ya Kiarabu ya Windows, ile ya 101, haina پ wala چ wala ڤ. Sasa mtu akitaka kuandika چاي au پwani anafanyaje? Anaweka kibodi ya Kiajemi au ya Kiurdu, maana پ na چ zipo huko. Anaizoea. Siku ya jaribio anaandika Kiarabu kwa kibodi hiyo hiyo, na kila ya yake inatoka 1740, kila kafu 1705. Neno likiwa na ya katikati, kwa mfano بيت, jicho halioni lolote kwa sababu nukta mbili zipo. Ya ikiwa mwishoni ndipo unaona nukta hazipo.

Dawa: asifute kibodi ya Kiajemi, ila aijue. Kwenye simu hana haja nayo, maana kibodi nyingi za Kiarabu ukishikilia ب inatoa پ, ukishikilia ج inatoa چ.

#6 Mpanga_Maswali
Mkuu #5 hapo kwenye mfano umechanganya herufi za kilatini ndani ya neno, ona "پwani". Ila hoja ni nzuri sana, sikuwahi kuifikiria.

#7 KhatiYaPwani
Kweli, پواني. Shukrani.

#8 Ustadh_Mtandao
Wadau tusikimbilie kuwatetea. Kuna makosa ya imla halisi mnayabebesha mashine. Mwanafunzi anaandika مدرسه kwa ه badala ya ة, anaandika علي akimaanisha على. La kwanza ni Ali, la pili ni "juu ya". Hayo si maneno yanayofanana. Kinachowapoteza ni kwamba wanasoma mitandao na magazeti ya Misri, ambako ya ya mwisho huandikwa bila nukta, basi wanaona zote mbili ni sawa. Mwanafunzi wa chuo anatakiwa ajue tofauti hiyo. Sifuri yake ni halali.

#9 MwalimuNahau
Ustadh, kwa ta marbuta (ة) nakubali. Lakini angalia irabu. Neno مدرسة lina herufi nne zinazoweza kubeba alama kabla ya kufika ile ة: fataha, sukuni, fataha, fataha. Kila moja mwanafunzi anaweza kuiweka au kuiacha. Hiyo ni 2 mara 2 mara 2 mara 2, maandishi 16 ya neno moja, na yote sahihi. Nani ataorodhesha majibu 16 kwa kila swali? Kwa sababu hiyo kwenye maswali mengine naweka nyota katikati ya herufi, م*د*ر*س*ة, ipokee chochote.

#10 Mpanga_Maswali
Hapo kwenye nyota mwalimu wangu umejichimbia shimo. Nyota inapokea alama yoyote, kwa idadi yoyote, herufi zikiwemo. Andika ك*ت*ب kama jibu, halafu jaribu haya: كتب litapita, كتاب litapita, كاتب litapita. Kitenzi, kitabu na mwandishi, vyote alama 100. Kwa Kiingereza nyota mara nyingi inasamehe makosa madogo. Kwa Kiarabu maana inakaa humo humo katikati ya mzizi, kwa hiyo nyota inafuta somo zima la sarufi ya maumbo.

Njia inayofanya kazi: maelezo ya swali yaseme "andika bila irabu". Jibu la kwanza, neno tupu, 100%. La pili, neno lenye irabu zote, 100% pia. La tatu, kosa linalojulikana kama مدرسه, 50% na maelezo mafupi ya kwa nini. Hiyo 50% inamaliza na ugomvi wenu na Ustadh #8. Swali linalopima irabu zenyewe liwe swali lingine, lisiwe hili.

#11 Irabu_Tatu
Niongeze jambo kwenye irabu. Herufi yenye shada na fataha, mmoja anabonyeza shada kwanza, mwingine fataha kwanza. Kwenye skrini ni kitu kimoja. Ndani ni 1617 kisha 1614, au 1614 kisha 1617. Mpangilio tofauti, jibu tofauti.

#12 Mpanga_Maswali
Kwa Excel ni kweli, kwa Moodle si kweli. Swali la jibu fupi la Moodle hupitisha maandishi yote mawili kwenye usawazishaji wa Unicode wa namna ya C kabla ya kuyalinganisha, na huo hupanga alama upya: fataha mbele, shada nyuma. Hata hamza iliyoandikwa kando juu ya alifu huunganishwa ikawa أ moja. Ila usawazishaji huo haufuti irabu, na haugeuzi ya ya Kiajemi kuwa ya Kiarabu, kwa sababu kwa Unicode hizo ni herufi mbili tofauti kweli.

#13 Irabu_Tatu
Nimesahihishwa, ahsante.

#14 Mwana_Chuoni
Ruhusuni mawazo ya upande wa madrasa. Wanafunzi wetu Kiarabu chao cha kwanza ni msahafu, na hati ya msahafu ina imla yake. Neno la sala huko ni الصلوة kwa wau, na alifu ndogo juu. Imla ya leo ni الصلاة. الكتب huko inasomeka "alkitab" kwa alifu ndogo, leo inaandikwa الكتاب. Mwanafunzi anaandika alichokiona tangu ana miaka sita. Hajakosea kusoma. Kahamisha imla ya mahali pamoja kwenda pengine.

Na akinakili aya mtandaoni akaibandika kwenye kazi yake, anabeba alifu ya wasli ٱ, namba 1649, pamoja na vile vialama vya kusimama. Akitafuta neno hilo ndani ya hati yake mwenyewe kwa alifu ya kawaida, halipatikani. Mara ngapi mmesikia "nimetafuta aya, hakuna"?

#15 Ustadh_Mtandao
Hili la #14 limenigusa. Linaeleza الصلوة zote ninazoziona.

#16 DhaliDhadi
Kila mtu ana jini wake humu, nami nina wangu: Kiswahili. Sisi tuna dh moja. Dhahabu, dharura, dhuluma. Kwa Kiarabu ni ذهب، ضرورة، ظلم. Herufi tatu, sauti yetu moja. Tuna h: habari, hesabu, hewa. Kwa Kiarabu خبر، حساب، هواء. Tena tatu. Sabuni na sahani zina ص, saa ina س. Mwanafunzi anayeandika kwa mkono ana mazoea ya mkono, kidole kinajua neno limekaaje. Kwenye kibodi mazoea hayo hayapo, basi anarudi kwenye sikio, na sikio lake ni la Kiswahili. Anaandika سحن kwa sahani. Hakuna Unicode itakayomsaidia hapo.

Mpe zoezi la kuoanisha: maneno 20 ya Kiswahili yenye asili ya Kiarabu, aandike asili yake. Utaona papo hapo anaangukia herufi gani.

#17 BintiMakunduchi
Jamani mganga kila mlango! Kiajemi, nyota, msahafu, sasa dhahabu. Mie nataka kujua wiki ya kwanza niwafundishe nini.

#18 Vidole_Kumi
Kuchapa, dada. Huwezi kujua kosa ni la imla au la kidole mpaka kidole kijue njia.

Weka kibodi: Mipangilio ya Windows, Muda na Lugha, ongeza Kiarabu, chagua ile iliyoandikwa 101. Kubadilisha ni Alt pamoja na Shift. Anza na mstari wa katikati pekee, kutoka kitufe cha A kwenda kulia: ش س ي ب ل ا ت ن م ك ط. Uzuri wake ni kwamba mstari huo pekee unatosha maneno halisi: كتاب، بيت، باب، طالب، مكتب، بنت، شمس، كلب، سلام. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayajua yote. Dakika 15 kwa siku, siku tano, bila kuangalia vidole. Wiki ya pili mstari wa juu, ya tatu wa chini.

Irabu zinakuja mwisho: Shift na Q ni fataha, Shift na E dhuma, Shift na A kasra, Shift na X sukuni, na shada ni Shift na kile kitufe cha ذ kilicho kushoto kabisa kwa 1. Tanwini zinakaa jirani: W, R, S. Hamza ndipo wanapoanguka wengi: أ ni Shift na H, إ ni Shift na Y, آ ni Shift na N. Wasipoonyeshwa wanaandika ا kavu kila mahali, halafu Ustadh #8 anawapa sifuri.

Na kitufe cha B kinatoa لا kwa mpigo mmoja, lakini ndani ni herufi mbili. Ukifuta mara moja inaondoka alifu, lamu inabaki. Waambie mapema, la sivyo wanadhani kibodi imeharibika.

#19 Simu_Mkononi
Mkuu #18 somo zuri, ila wanafunzi wangapi wana kompyuta? Kozi za mtandaoni hizi zinasomwa kwenye simu, kwenye daladala. Kumfundisha Shift na Q mtu asiye na kitufe cha Q ni kumpotezea bando. Kwenye simu shika alifu, zinatokea أ إ آ, unachagua. Fundisha hilo.

#20 Vidole_Kumi
Na tasnifu ya kurasa 60 ataichapa kwa kidole gumba?

#21 Simu_Mkononi
Mwaka wa kwanza hana tasnifu. Ana jaribio Jumatatu.

#22 Mpanga_Maswali
Nyote wawili mna hoja. Kwenye simu kuna tatizo la kibodi kurekebisha maneno yenyewe. Mwanafunzi anaandika الي, simu inambadilishia kuwa إلى, anapata alama bila kujua hamza iko wapi. Kwa hiyo alama ya simu na alama ya kompyuta hazipimi kitu kimoja, na darasa lina wote wawili.

#23 Kulia_Kushoto
Hamjagusa mwelekeo, na hapo ndipo swali lenyewe linapoharibika kabla mwanafunzi hajagusa chochote. Chukua swali hili:

ذهب الطالب إلى ____

Nafasi iko mwisho wa sentensi, yaani kushoto kabisa. Sasa mwalimu anaanza aya kwa "Jaza nafasi:" kwa Kiswahili, kisha sentensi kwenye mstari huo huo. Aya nzima inachukua mwelekeo wa kushoto kwenda kulia. Maneno ya Kiarabu yanabaki sawa, lakini kile kistari cha nafasi hakina mwelekeo wake, kinafuata aya, kinarukia kulia. Mwanafunzi anakiona kabla ya ذهب. Anajaza neno la mwanzo wa sentensi, labda ثم, na kwa alichokiona yuko sahihi kabisa. Nukta na mabano hufanya hivyo hivyo.

Tenganisha. Maelekezo ya Kiswahili aya yake, sentensi ya Kiarabu aya yake, na hiyo ya pili ipewe dir="rtl" (mwelekeo wa kulia kwenda kushoto) kwenye msimbo wa HTML wa kihariri. Kwenye Word ni Ctrl na Shift za upande wa kulia kwa pamoja. Kubonyeza kitufe cha kupanga maandishi kulia hakutoshi, kunasogeza tu, mwelekeo unabaki ule ule. Hilo kosa nimeliona kwenye hati nyingi mno.

#24 MwalimuNahau
Hili #23 ni zito. Naenda kuangalia benki yangu ya maswali.

#25 Safu_na_Mistari
Ukiwa huko, kama unapakua alama kama CSV (faili la jedwali la maandishi matupu) na Excel inakuonyesha Ù…Ø¯Ø±Ø³Ø©, usiogope, hiyo ni مدرسة ile ile. Faili ni UTF-8 (namna ya kuhifadhi namba za Unicode), kila herufi ya Kiarabu baiti mbili, Excel imeisoma kila baiti kama herufi ya kilatini. Usiifungue kwa kuibofya. Ingia Excel, sehemu ya Data, leta kutoka faili la maandishi, chagua UTF-8. Ukihifadhi chagua CSV UTF-8. Ukiihifadhi ikiwa tayari imeharibika kisha ukaipakia kwenye mfumo, umeharibu benki nzima. Maswali ya GIFT (faili la maandishi la kupakia maswali Moodle) nayo lazima yawe UTF-8.

#26 Simu_Mkononi
Hapo hapo, wanaowatumia wanafunzi ujumbe mfupi wa kawaida wajue: kwa herufi za kilatini ujumbe mmoja ni alama 160, ukiweka hata herufi moja ya Kiarabu unashuka hadi 70. "Assalamu alaykum" ukiiandika kwa Kiarabu mwanzoni mwa tangazo refu, gharama inaweza kuzidi maradufu.

#27 Ustadh_Mtandao
Salamu tusiikate kwa ajili ya bili jamani. Tangazo ndilo lifupishwe.

#28 Mtafuta_Mizizi
Mnazungumzia kuandika tu. Kutafuta ndiko kunakomtofautisha mwanafunzi wa chuo. Akikutana na وبمكتبتهم anaibandika yote kwenye kamusi ya mtandaoni, haipati, anasema neno halipo. Lazima aivue: wau, ba, kisha هم ya mwisho, ta iliyobaki irudi kuwa ta marbuta, abaki na مكتبة. Kamusi ya Hans Wehr imepangwa kwa mizizi, atalikuta chini ya كتب. Kwenye Maktaba ya Shamela (mkusanyiko wa vitabu vya Kiarabu wa kidijitali) akitafuta neno lenye irabu apunguze irabu kwanza. Haya ni dakika 40 za somo, na yanamsaidia mpaka anamaliza shahada.

Na programu zinazotia irabu zenyewe ziaminiwe kwa tahadhari. كتب peke yake inaweza kuwa kataba, kutiba, kattaba au kutub. Programu inachagua moja, na mwanafunzi asiyejua nahau hana cha kuipinga nacho.

#29 DhaliDhadi
#28 basi tumerudi kwenye nahau ya wiki ya kwanza aliyoilalamikia mwenye uzi.

#30 Mtafuta_Mizizi
Ndiyo, siioni njia ya kuzitenganisha.

#31 MwalimuNahau
Nimerudi. Nimepima swali la مدرسة kama Fundi alivyoelekeza #2. Majibu ya wanafunzi wanne: 1605, 1583, 1585, 1587, 1577. Yote safi, LEN 5. Jibu langu mimi LEN ni 5 pia, lakini namba ya kwanza ni 65251.

#32 Fundi_Maabara
Uliinakili kutoka PDF. 65251 ni umbo la mimu ya mwanzo wa neno, si herufi mimu yenyewe. PDF nyingi za zamani za Kiarabu zimehifadhi maumbo: mimu ya mwanzo namba yake, ya katikati namba yake. Usawazishaji wa namna ya C aliousema #12 hauyagusi, unahitaji ule wa KC, unaorudisha maumbo kuwa herufi za kawaida. Futa, chapa upya kwa kidole. Na waliopata alama zote watakuwa wamenakili kutoka PDF ile ile uliyowapa.

#33 MwalimuNahau
Wallahi inawezekana. Hao wanne nawarudishia alama zao leo. Lakini swali la pili, بيت, nimepima: 1576, 1610, 1578 pande zote mbili. LEN 3 na 3. Hakuna Kiajemi, hakuna PDF, mwelekeo uko sawa. Bado 0 kwa darasa zima.

#34 KhatiYaPwani
Hilo si la khati basi.

#35 Mpanga_Maswali
Mwalimu, Moodle husoma majibu yako kwa mpangilio na kusimama kwenye la kwanza linalolingana. Kwenye swali hilo uliweka nyota peke yake ya kukamata majibu mengine, yenye alama 0? Iko mstari wa ngapi?